Aliyetengwa Ndiye Kitenzi

Tazama mwisho wa kitenzi cha Kiingereza boycott: t mbili, ingawa sikio linasikia moja tu. Huo ni mwandiko wa jina la mtu. Herufi kubwa ya mwanzo ilidondoka zamani, lakini t ya pili imebaki palepale ilipokuwa katika jina la ukoo.

Mwenye jina ni Kapteni Charles Boycott, wakala wa Lord Erne, mwenye ardhi katika jimbo la Mayo, magharibi mwa Ireland. Septemba 1880, mjini Ennis, mwanasiasa wa Ireland Charles Stewart Parnell aliwahimiza wakulima wamtenge yeyote atakayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa. Wapangaji wa Mayo walikuwa wakidai wapunguziwe kodi. Boycott akajibu kwa hati za kuwafukuza. Basi wakamtenga yeye. Vibarua wakaacha mazao shambani. Wenye maduka, mhunzi na dobi wakaacha kumhudumia, wengine kwa hiari, wengine kwa kutishwa. Ikabidi waletwe wavunaji wapatao 50 kutoka Ulster, wakilindwa na askari wengi, kwa gharama iliyozidi mno thamani ya mazao yenyewe. Kabla mwaka haujaisha, Kapteni alikuwa ameondoka Ireland na jina lake linatumika magazetini kama kitenzi.

Kiingereza hakikuongeza kiambishi chochote. Kililichukua jina zima na kulipa kazi mpya. Ajabu ni kwamba jina hilo halitaji alichofanya mwenyewe, bali alichofanyiwa. Mtendwa amekuwa mzizi. Kibarua aliyeweka jembe chini na kukosa ujira wake hana hata silabi moja humo.

Kiswahili kinaanzia kwingine. Mtoto akisusa chakula, sahani ipo mbele yake, uso ameugeuzia ukutani. Susa ni neno la moyo wa mtendaji, na hasira yake imo ndani ya mzizi. Ongeza -i- upate susia, kitenzi chenye njia mbili. Anayesusia uchaguzi anaukataa. Mke aliyemsusia mumewe nyumba amemwachia yote na kuondoka zake. Lakini binadamu kufungiwa milango na kijiji kizima, kama ilivyokuwa Mayo, huko ni kutengwa. Kwetu mtu hutengwa, kazi hugomewa, jambo hususiwa. Kiingereza kilianza na mtu, kisha kikalibebesha jina lake yote: bidhaa, kura, michezo.

Tena Kiswahili kina onyo lake: ukisusa, wenzio wala. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Filbert Bayi, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, hakukimbia. Dhahabu ya mbio hizo ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand, yuleyule aliyemaliza nyuma ya Bayi siku rekodi ile ilipowekwa. Wenzio wala, mchana kweupe. Hata hivyo, mbio zile haziwezi kusimuliwa vizuri bila kumtaja ambaye hakuwepo. Msemo unapima hasara ya anayesusa peke yake. Haupimi uzito wa wengi waliosusa pamoja. Pale Mayo wa kula hawakupatikana jirani, wakatafutwa mbali na kuletwa chini ya bunduki.

Uwingi huo ndio kiini cha tendo lenyewe, na boycott haiuonyeshi. Kiswahili kinauweka mbele kabisa. Chukua neno walimtenga. Wa- ni vibarua, mhunzi, dobi na wenye maduka. -Li- ni ule mwaka 1880. Kapteni yumo pia, katika -m-, herufi moja kati ya wale waliomtenga na kile walichomtenda. Kwa Kiingereza yeye ndiye neno zima. Kwa Kiswahili, kwanza unawataja wao.