Max Blecher: tusimsome kwa huruma

Leo sitaongelea mihogo.

Ukitaja Rumania hapa kwetu, wazee wanakumbuka Ceaușescu, yule rafiki ya Mobutu aliyepigwa risasi Desemba 1989. Vitabu vya huko? Kimya. Mimi pia sikujua kitu mpaka rafiki mmoja aliponitumia katika simu kitabu cha Max Blecher kwa Kifaransa, Aventures dans l'irréalité immédiate. Kilitoka Rumania mwaka 1936.

Blecher alizaliwa 1909 Botoșani. Alienda Paris kusoma udaktari, lakini kifua kikuu kikamshika ku uti wa mgongo. Miaka karibu 10 alilala tu, akaandikia kitandani. Alikufa 1938, alikuwa na miaka 28. Ni umri wangu.

Sasa njo hapa tunakosea. Tukisikia habari hiyo tunasema "maskini", tunasoma kwa huruma. Wengine wanamlinganisha na Kafka, basi yameisha. Mi naona hayo yote yanatuzuia kuona kazi yenyewe.

Kitabu hakina histoire ya kufuata. Ni kijana katika mji mdogo: duka la mashine za kushona, sinema, sanamu za nta. Vitu vinamzidi nguvu. Kuna pahali anaingia katika tope la uwanja wa soko la ng'ombe, anajipaka mwili mzima. Niliposoma pale nilisimama. Ku labo nilifundishwa kwamba udongo ni pH, mchanga na mfinyanzi kwa asilimia. Mémoire yangu yote ilikuwa juu ya udongo, lakini haina hata sentensi moja yenye kuonyesha namna tope linashika kidole. Blecher hakutafuta kutushangaza. Alipima, sawa na sisi, ila alipima kile ambacho mashine haipimi.

Kasoro ziko. Zile kizunguzungu za kijana zinarudi-rudi, katikati nilichoka. Na kitabu chake cha 1937, Cœurs cicatrisés, kina mambo ya mapenzi ambayo nilishayasoma kwingine. Lakini hicho cha pili kinaonyesha Berck, mji wa Ufaransa ku bahari, ambapo wagonjwa wanatembezwa wakiwa wamelala juu ya vigari vya farasi. Wanakula, wanapendana, wanagombana, plâtre ku mwili. Hapo nilikumbuka mdogo wangu, alipolala miezi minne kisha ajali ya moto. Kila mgeni alimwambia "utapona tu" na kutazama mlango. Hakuna aliyemuuliza: plâtre inakuwasha wapi? Hata mimi, kaka yake, sikumuuliza. Blecher anajibu swali hilo ukurasa kwa ukurasa, bila kulia.

Ndiyo maana nasema vitabu vya ajabu kama hivi si anasa ya watu wa fasihi. Sisi tuliosoma sciences tunatoka na majina ya vitu vyote, na haraka tunaacha kuvitazama. Huruma pia ni jina kama mengine.

Mwenye hajazoea aanze na Cœurs cicatrisés, juu kina njia ya kufuata. Kisha aingie katika tope. Mimi nimemsomea mdogo wangu kurasa za Berck. Alicheka sana, kisha akaniambia: "Huyu alilala kweli."