Kinjeketile, Kitunda na Suala la Uongozi: Tamthilia ya Hussein katika Madarasa ya Pwani ya Cabo Delgado

Kazi ya fasihi haisomwi kwa namna moja mahali pote. Tamthilia ya Kinjeketile, iliyotungwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969, imekwisha kuhakikiwa mara nyingi kama mchezo wa Vita vya Majimaji, wa umoja wa makabila na wa kuupinga ukoloni. Uhakiki huo ni sahihi, nasi hatuna nia ya kuubomoa. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka mto Ruvuma hadi Mocímboa da Praia, tunaona kwamba umeliacha swali ambalo kwa wanafunzi wetu, vijana kwa watu wazima, ndilo la kwanza: kiongozi hupatikanaje, na wanaomfuata wana wajibu gani juu ya neno lake? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mchezo huu ni somo la uongozi, tena somo lenye manufaa kuliko zile orodha za sifa za kiongozi bora ambazo sisi walimu tumezoea kuziandika ubaoni.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini mchezo wa Rufiji uletwe Palma. Mtunzi ni mzaliwa wa Kilwa, na pwani ile na hii yetu zimeunganishwa kwa miaka mingi na biashara, dini na lugha, ingawa kwetu Kiswahili huishi ubavuni mwa Kimwani na Kimakonde, na serikali huzungumza Kireno. Historia nayo inatuunganisha. Kionga, iliyo kusini kidogo tu ya mlango wa Ruvuma, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikakaa chini yao hadi Wareno walipoiteka mwezi Aprili 1916. Kwa hiyo serikali iliyomnyonga Kinjeketile Ngwale mwaka 1905 ndiyo iliyokuwa ikitawala Kionga wakati huohuo. Mwanafunzi wa Kionga anapousoma mchezo huu hasomi habari za ugenini.

Tuingie sasa katika mchezo wenyewe. Mtunzi ametuonya katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, bali ni kiumbe cha ubunifu wake. Wasomaji wengi hulipita onyo hilo haraka, kumbe ndilo ufunguo. Kinjeketile wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache kabla ya wapiganaji kuishambulia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti na kufyekwa na bombomu. Hakuyaona maafa yale. Kinjeketile wa mchezo anaachwa hai mpaka baada ya kushindwa, akatiwa kifungoni, akakabiliana na matokeo ya neno lake. Kwa nini mtunzi amemwongezea siku hizo? Kiongozi anayekufa mapema hubaki shahidi, wala hapana wa kumwuliza kitu. Anayeishi hana budi kujibu. Hussein alitaka kiongozi huyu ajibu.

Tazama jinsi Kinjeketile anavyoupata uongozi. Watu wanateswa kwa kazi za shuruti katika shamba la pamba, wana njaa, na wazee wanabishana bila kufikia uamuzi. Anatoka mtu mtoni na maji na habari njema, na mara watu waliokuwa hawaaminiani wanakuwa kitu kimoja. Kazi iliyoshindikana katika vikao inatimizwa na neno moja. Hii ndiyo nguvu ya Kinjeketile, na mtunzi haidharau. Lakini hakuna aliyemchagua wala aliyelipima neno lake. Naye anapogundua kwamba katika maneno yake mwenyewe mna jambo linalomtia shaka, yaani ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, ahadi ambayo yaweza kuwatoa kwa bwana mmoja na kuwatia mikononi mwa mwingine, anataka watu wangoje. Hawangoji. Neno limekwisha kumzidi aliyelitoa. Hapa ndipo kilipo kiini cha mchezo kwa maoni yetu: kiongozi aliyepata madaraka kwa neno lisiloulizwa hawezi tena kulisahihisha neno hilo, maana umma wake haukuzoea kusikia masahihisho.

Mkabala na Kinjeketile amewekwa Kitunda. Huyu hakuzama mtoni wala hakupandwa na pepo. Kazi yake ni kuwafundisha watu kupigana, siku baada ya siku, na watu humtii kwa sababu wamemwona kazini. Wanafunzi wetu wavuvi humwita Kitunda nahodha, jina ambalo mtunzi hakumpa, na tunadhani wamemwelewa vizuri kuliko wahakiki wengi. Nahodha hujulikana kwa upepo na kwa mgawo. Chombo kinaporudi, samaki hugawanywa mchangani mbele ya macho ya wote, na kila baharia hujua fungu lake. Nahodha akikosea mkondo leo, wenzake watalijua kosa hilo leo hii, nao watamwambia kabla tanga halijatwekwa tena. Uongozi wa namna hii hujaribiwa kidogokidogo, na makosa yake huwa madogo. Maji ya Kinjeketile yalingoja siku moja kubwa ya kujaribiwa, na siku hiyo ilikuwa ya risasi.

Hata hivyo Kitunda si malaika. Mashaka ya Kinjeketile yanazungumzwa baina ya wakuu. Umma unatakiwa ungoje tu, hauelezwi vya kutosha kwa nini. Mwalimu asilipite jambo hili. Kuwafundisha watu kushika silaha bila kuwafundisha kuhoji shauri ni nusu ya kazi.

Kwetu mambo haya hayakuishia vitabuni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mkoa wa Zambezia, alitokea Manuel António aliyewachanja vijana dawa ya kuzuia risasi, akaunda jeshi la Naparama. Aliuawa vitani mwaka 1991. Mwaka 2022 vikundi vyenye jina hilohilo vilizuka kusini mwa Cabo Delgado, katika wilaya za Namuno na Balama, wanavijiji wakitafuta kinga dhidi ya waasi. Na waasi wenyewe? Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 vita vikaingia Palma na maelfu ya watu wakakimbia. Wengi wa vijana wa mwanzo walikuwa wana wa pwani hiihii, waliokwisha kujitenga na misikiti ya wazee wao na kulifuata neno lisilotaka swali.

Hapo ndipo mwisho wa mchezo unapotuhusu. Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa: akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba hata kupigania haki kulikuwa kosa. Kitunda anamsihi aseme kweli. Wahakiki wengi humsifu Kinjeketile kwa ushujaa huo. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Kinjeketile ana haki ya kuogopa, kwa kuwa mtawala hufurahi kuona dai na uongo vikizikwa kaburi moja. Lakini Kitunda naye ana haki, kwa kuwa uongo usiokanwa huwapata wafuasi wengine kesho. Jamii ile ilikosa mtu wa kutamka mambo mawili kwa pamoja: dai letu ni la haki, na maji yetu hayakuwa na nguvu. Watu wa pwani yetu wanayo madai ya haki juu ya ardhi, uvuvi na kazi. Waulize waliohamishwa Quitupo kupisha kiwanda cha gesi cha Afungi. Yuko anayeyakana madai hayo kwa sababu ya umwagaji damu, na yuko anayeusamehe umwagaji damu kwa sababu ya madai. Kiongozi tunayemhitaji kijijini ni yule awezaye kuyatenga haya mawili mbele ya watu, bila kuogopa upande wowote.

Kasoro moja ya mchezo hatuna budi kuitaja. Unafunguliwa na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, wakizungumza juu ya njaa na taabu, na maneno yao yana busara. Kisha mashauri makubwa yanabaki kwa wanaume. Mwanafunzi wa pwani atashangaa, maana hapa anaviona vikundi vya tufo ambamo wanawake wana vyeo vyao, huchanga fedha, huchagua kitambaa cha sare na huamua ugomvi wao wenyewe. Wanawake hao wangeweza kuwafundisha wakuu wa Rufiji namna ya kufanya kikao.

Tunawashauri basi walimu wenzetu wasiufundishe mchezo huu kwa kuamlisha sifa za wahusika. Usomwe kwa sauti, vijana na wazee wakichanganyika, na mwenyekiti wa kikao abadilike kila siku. Kabla ya kila uamuzi mkubwa kitabu kifungwe, na darasa lijadili lingefanya nini. Mama apewe sehemu ya Kitunda. Kijana aliyenyamaza mwezi mzima apewe sehemu ya Kinjeketile siku ile anapotaka watu wangoje, na wengine wote wamhoji. Akishindwa kujibu, aruhusiwe kusema kwamba hajui, na darasa lijifunze kumheshimu kwa kusema hivyo.