DoorDash na Uber Eats Waliharibu kwa Kitufe Kimoja

Sakata lenyewe lilitokea jijini New York, Desemba 2023. Jiji lilianza kuzibana kampuni za kupeleka chakula ziwalipe wasafirishaji wao si chini ya dola 17.96 kwa saa, bakshishi ikiwa kando. DoorDash na Uber Eats wakajibu kwa kuhamisha kitufe cha bakshishi. Kikaondolewa kwenye ukurasa wa malipo, kikawekwa baada ya oda kulipiwa. Niseme mapema tusipotezeane muda: ulikuwa uamuzi mbovu, na haukuwa wa bahati mbaya.

Turudie tukio polepole. Mteja ana njaa. Amechagua tambi, ameongeza soda, sasa anashuka chini ya skrini: bei ya chakula, kodi, ada ya huduma, ada ya usafiri. Kadi imeshahifadhiwa, kidole kiko tayari, hesabu yote anaiona. Hapo ndipo safu ya bakshishi ilipokuwa ikikaa, na kugusa mara moja kulitosha. Baada ya mabadiliko, mteja akishalipa anaweka simu mezani. Chakula kinafika, mlango unafungwa, mkono unashika uma. Akitaka kutoa bakshishi sasa inabidi aichukue tena simu, afungue programu au aitafute arifa, achague kiasi, kisha athibitishe. Hakuna aliyemkataza kutoa. Amewekewa ngazi tu, na mbunifu yeyote aliyewahi kukaa na takwimu za programu yake anajua watu wangapi humwishia kwenye kila ngazi.

Watetezi wanasema bakshishi ni shukrani, na shukrani huja baada ya huduma. Hata mgahawani hutoi kabla hujala. Sawa. Ila mgahawani bili inaletwa mezani na mhudumu unamwona kwa macho. Huku kijana wa baiskeli ya umeme ameshafika mtaa wa tatu. Tena utetezi huo ungekuwa na uzito kama ungetoka kinywani mwa mtu mwingine. Wiki chache tu kabla ya hapo, DoorDash hao hao walikuwa wakijaribu onyo huko Marekani: mteja akiacha bakshishi sifuri, anaambiwa oda yake huenda ikachelewa. Kwa hiyo Novemba bakshishi ya mapema ni muhimu kiasi cha kumtisha mteja. Desemba, mjini New York, haina haja hata ya kuonekana kwenye ukurasa wa malipo. Mteja hakubadilika. Kilichobadilika ni sheria ya ujira, na anayeadhibiwa ni yule yule iliyotungwa kumlinda.

Najua mtasema nimerudi kwenye wimbo wangu wa kuilaumu DoorDash. Nimerudi, kwa sababu kampuni ni ile ile. Hadi 2019 DoorDash walitumia bakshishi kufidia malipo yao wenyewe: msafirishaji akihakikishiwa dola 10 kwa safari, mteja akatoa 3, kampuni inajazia 7. Mteja alibonyeza akiamini amemwongezea mtu kipato, kumbe ameipunguzia kampuni gharama. Februari 2025 walikubali kulipa dola milioni 16.75 kumaliza shauri la Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York kuhusu mchezo huo. Uber nao wasijifiche nyuma ya mwenzao. Programu yao ya teksi ilikaa miaka bila sehemu ya bakshishi, mpaka Juni 2017.

Sisemi kila kitu kwenye programu zao ni kibovu. Ramani ya safari, picha ya mfuko mlangoni, oda ya kikundi: kazi safi, sina neno.

Lakini nikitaka kuona ubunifu wa watu waliotulia narudi nyuma. Domino's mwaka 2008 waliweka mstari wa hatua 5 wa kufuatilia oda, tangu oda ilipoingia hadi ilipotoka kwenda kwa mteja, na mteja akaacha kupiga simu kuuliza pizza yake iko wapi. Kenya wana Hakikisha ya M-Pesa: jina la mpokeaji linajitokeza kabla fedha haijaondoka, na unapewa sekunde chache za kusitisha muamala kama umekosea namba. Hakuna picha za kuvutia wala rangi za kifahari. Waliobuni Hakikisha walijua swali linaulizwa wakati jibu lake bado linaweza kubadilisha kitu. Wabunifu wa DoorDash na Uber Eats nao walilijua hilo, wakalitumia kinyume.

Julai 2025 Baraza la Jiji la New York lilipitisha sheria: programu impe mteja nafasi ya kutoa bakshishi kabla ya kuagiza au wakati anaagiza, na impendekezee angalau asilimia 10. DoorDash na Uber walikimbilia mahakamani kuizuia. Januari 2026 ikaanza kutumika. Kampuni zenye wabunifu wa kila aina zimefundishwa na madiwani mahali pa kuweka kitufe.