Upanga wa Sutton Hoo Ndani ya Skyrim: Jinsi Chuma Kinavyopewa Sura

Upanga uliofukuliwa Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1939 ulikaa ardhini tangu karne ya 7. Dhahabu na vito vyekundu vya mpini vilisalimika, lakini bapa lililiwa na kutu hadi likagandamana na ala yake. Mengi yanayojulikana kuhusu bapa hilo yalitokana na picha za eksirei, zilizoonyesha kwamba kiini chake kiliundwa kwa fito za chuma zilizosokotwa na kufuliwa pamoja. Kwa hiyo mtengenezaji wa modi, yaani nyongeza ya mchezo wa kompyuta, anayetaka upanga wa namna hii uingie katika Skyrim, mchezo wa Bethesda wa mwaka 2011, hawezi kupiga picha ya bapa na kuibandika juu ya modeli. Inambidi auelewe ufuaji wenyewe kabla ya kushika brashi.

Mhunzi wa enzi hizo alisokota fito motomoto, akaziunga kwa nyundo kuwa kiini, kisha akaunga makali ya pua pande zote mbili. Uso wa ufito uliosokotwa huonyesha mistari ya mshazari, na ukisagwa zaidi kuelekea katikati mistari hiyo hujipinda. Fito mbili zilizosokotwa kwa mielekeo tofauti zikilazwa sambamba hutoa mchoro kama uti wa samaki. Mchoro huo ni wa kiini tu. Makali hubaki bila mchoro. Modi huweza kukosea hapa, mchoro wake ukikatwa kutoka picha za visu vya kisasa. Visu hivyo hufuliwa kwa pua yenye nikeli na kuzamishwa kwenye asidi, ndiyo maana mistari yake ni myeusi na myeupe kabisa. Chuma cha kale kilipata tofauti ya rangi kutokana na vitu kama fosforasi, na tofauti hiyo ilikuwa hafifu. Rangi mbili za kijivu zinazokaribiana huleta ukweli zaidi kuliko mistari inayopiga kelele.

Modeli hukunjuliwa kuwa ramani bapa ya UV ambayo tekscha, yaani picha ya uso wake, huchorwa juu yake. Ili kuokoa nafasi, pande mbili za bapa huwekwa juu ya eneo moja la ramani. Upande wa pili unapaswa kuzungushwa, wala si kugeuzwa kama taswira kwenye kioo. Ufito uliosokotwa kuelekea kulia huonekana hivyo hivyo ukitazamwa kutoka upande wowote, kama ilivyo kwa skrubu. Taswira ya kioo huigeuza mishazari, na upanga huonekana kana kwamba ulifuliwa na watu wawili wasioafikiana.

Kinachoamua zaidi kama chuma kitaonekana chuma ni mng'ao, na katika Skyrim mng'ao hauko kwenye faili ya rangi. Hukaa kwenye chaneli ya alfa ya ramani ya nomali, ile faili yenye _n mwishoni mwa jina, ambayo chaneli zake nyingine huieleza injini ya mchezo jinsi uso unavyoinuka na kubonyea. Ikihifadhiwa kwa mbano wa DXT1 bila alfa, upanga mzima, ngozi ya mpini ikiwemo, hung'aa kama plastiki. Chaneli ya kijani nayo hugeuzwa ikiwa ramani imetoka katika programu ya Blender, maana Blender huihesabu kinyume na injini hii. Isipogeuzwa, mfereji wa katikati ya bapa huonekana umevimba. Faili ya tatu, yenye _m, huonyesha ni sehemu zipi ziakisi picha ya mazingira. Picha hiyo haitokani na mahali mchezaji aliposimama, kwa hiyo nguvu yake ikizidi, bapa huakisi anga hata pangoni. Mistari ya kiini ichorwe zaidi katika alfa kuliko katika rangi, ili ijitokeze na kufifia kadiri upanga unavyozungushwa mbele ya mwenge.

Uchakavu hufuata matumizi. Programu kama Substance Painter huweza kukwaruza kingo zote kwa mpigo mmoja, na matokeo yake ni silaha zinazofanana zote. Ala huacha mikwaruzo myembamba inayokwenda na urefu wa bapa. Jiwe la kunolea huacha yake mshazari, karibu na makali pekee. Kutu huanzia chini ya kinga ya mkono, ambako maji hujificha. Kwenye upanga wa Sutton Hoo, kichwa cha mpini kimelika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, pale ambapo kiganja cha mwenyewe kilizoea kupumzika. Alama ndogo ya namna hiyo ina thamani zaidi kuliko mikwaruzo mia iliyotawanywa ovyo.

Mwishoni faili hubanwa kuwa za muundo wa DDS pamoja na nakala zake ndogo za kutazamwa kwa mbali. Tekscha ya pikseli 2048 kwa 2048 iliyobanwa kwa DXT5 huchukua takriban megabaiti 5.3, na ya 4096 huchukua mara nne ya hapo. Ukubwa huo wa pili unastahili kwenye mpini, ambao mchezaji huuona karibu sana akitazama kwa macho ya mhusika, na kwenye kiini chenye mistari myembamba. Ala inayoning'inia kiunoni haiuhitaji.