Waliojua Kutumwa

Mwaloni Kibirizi, pale maboti ya Kagunga yanapopakia, kijana aliyetumwa kudai hela hafungui kinywa. Anatoa simu, anabonyeza, na ujumbe wa sauti wa tajiri wake unamfokea mdaiwa mbele ya abiria: "Lete hela yangu leo!" Kisha anaondoka. Nikiona hivyo nasikitika kwa dhati, maana pale katikati, baina ya anayeagiza na anayeagizwa, palikuwa na ufundi, na watu wa ufuko huu walikuwa mabingwa wake.

Kwetu Ujiji mtoto alifundishwa kutumwa mapema kama alivyofundishwa kuswali. Bibi alikuwa jikoni, moshi umemjaa machoni, akasema bila kugeuka: "Kamwambie anirudishie chupa yangu ya mawese, nimechoka naye!" Mtoto mjinga angeyamwaga yote mlangoni kwa jirani. Dada yangu alipiga hodi, akangoja akaribishwe, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Bibi anakusalimu sana. Anaomba, kama umeshamaliza haja zako, umrudishie ile chupa ya mawese." Chupa ilirudi na ndizi juu yake. Dada hakusema uongo hata kidogo: chupa ni ya bibi, na bibi anaitaka. Alichofanya ni kuchagua kitenzi. Angeweza kusema bibi ameagiza, amesisitiza, anakumbusha, anasihi. Alivipima vyote njiani, miguu peku, akachukua kile ambacho jirani angeweza kukipokea bila kuvunjika moyo.

Ziwa nalo lilidai umakini wake. Vijiji vingi havina gati, kwa hiyo Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuingia majini Kigoma mwaka 1915, ilisimama mbali na ufuko. Mitumbwi ikaifuata, na maagizo yakashuka pamoja na magunia. Mtu wa Kigoma amesema Jumatano, "Njoo keshokutwa." Ujumbe unafika Alhamisi. Mjumbe hodari hasemi keshokutwa, wala hasemi njoo; anasema, "Amekuomba uende kesho, Ijumaa." Ameshahesabu siku, ameshageuza upande wa safari, na hakuna aliyemwona akifikiri.

Mwaka 1871, Stanley alipokaribia Ujiji, alimtuma Susi, mtumishi wa Livingstone, akimbie akamwarifu Daktari kwamba anakuja. Susi akakimbia, akafikisha, kisha akarudi mbio kuuliza jina la mgeni, kwa sababu Daktari alimuuliza naye hakuwa nalo. Hapo ndipo ninapompenda Susi: hakubuni jina. Dunia nzima imekariri salamu ya Stanley, lakini habari ilimfikia mzee yule kwanza kwa kinywa cha Susi.

Mwalimu wangu wa Kiingereza wa sekondari aliijua siri hii. Somo la kugeuza amri na maombi kuwa usemi wa taarifa hakulianzia ubaoni. Alimnong'oneza mmoja wetu neno "Wait", mara kwa ukali, mara kwa unyonge, akamtuma upande wa pili wa darasa. Tukisikia sauti ya ukali ilitubidi tuseme "He ordered me to wait". Ya adabu, "He asked me to wait". Ya mtu aliyekwama, "He begged me to wait". Aliyepeleka ombi kama amri alirudishwa akaanze upya, hata kama sarufi yake ilikuwa safi.

Sasa naona madaftari ya watoto yana jedwali tu: "here" iwe "there", "tomorrow" iwe "the next day", amri ipachikwe "to", katazo "not to". Jedwali ni sahihi. Ila vitenzi vyote vimebaki "told", kana kwamba binadamu hawaombi, hawasihi wala hawaonyi. Mtoto wa kidato cha pili anapata alama zote za swali hilo, na jioni ukimtuma kwa jirani anakunyooshea simu umpigie mwenyewe. Simlaumu. Tangu azaliwe hakuna aliyemtuma.