Mwanzo wa Wakati katika Kitabu cha Padri Lemaître

Kitabu cha Padri Georges Lemaître, L'Hypothèse de l'atome primitif (1946), wengi wanakitaja na wachache wanakisoma. Hata katika mahubiri tumesikia ya kwamba padri Mbelgiji huyo, mwalimu wa Louvain, alihakikisha kwa hesabu kwamba Mungu aliumba ulimwengu. Tumekisoma: neno hilo halimo.

Yaliyomo ni haya. Makundi makubwa ya nyota yanaachana. Basi tukirudi nyuma tunafika kwenye atomu moja iliyobeba vyote, nayo ikapasuka. Neno «wakati» lapata maana tu atomu ile ikiisha kugawanyika katika vipande vingi vya kutosha. Kuuliza kilichokuwako «mbele yake» ni kuuliza bure. Fungu hili ndilo bora. Lakini mfano wa fataki za sikukuu, anaoupenda, unampoteza msomaji: fataki hupasuka mahali fulani, usiku, watu wakitazama. Atomu ile haikuwa na usiku wala mahali pa nje. Tena alidhani miale inayoipiga dunia toka anga za mbali ni mabaki ya mpasuko ule, sivyo. Mabaki ya kweli, nuru hafifu isiyoonekana kwa macho, inayotoka pande zote za mbingu, yaligunduliwa mwaka 1965, naye akapata habari kidogo mbele ya kufa, Juni 1966. Leo wataalamu wanahesabu karibu miaka miliari 13,8.

Je, mwanzo huo ndio kuumbwa? Baba Mtakatifu Pius XII, Novemba 1951, alikaribia kusema ndiyo, Lemaître hakupendezwa. Kwa maoni yetu yeye alishika njia ya Mtakatifu Thomas: ya kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo twajua kwa imani, si kwa hoja. Mguu ungesimama mavumbini tangu milele, alama yake nayo ingekuwa tangu milele. Hata hivi ni mguu ulioifanya. Kuumbwa ni kumtegemea Mungu, leo kama siku ya kwanza. Mwenye kumfunga Muumba kwenye miliari 13,8 atawaambia nini waamini wake hesabu ikigeuka?

Juu ya mwisho, neno moja tu. Einstein alifuta namba fulani katika hesabu zake, Lemaître akaishika. Mwaka 1998 ilionekana kwamba makundi ya nyota yanazidi mbio katika kuachana, na namba ile ikarudishwa. Ikiwa hivi, nyota zitazimika moja moja, muda mrefu ajabu, na mbingu kuwa baridi. Juu ya kurudi kwa Bwana hesabu hizo hazisemi kitu, wala Lemaître hakuziuliza.