Pumzi ya Nduthi

Injini ndogo ya pikipiki huvuta hewa upande mmoja na kutema moshi upande wa pili, na nguvu yake haiwezi kuzidi hewa inayopita katikati. Petroli si shida. Kuiongeza ni suala la kubadilisha kipande kidogo cha shaba chenye tundu, yaani jeti. Hewa ndiyo ya kutafutwa. Kwa hiyo mwenye nduthi, yaani pikipiki, anayetaka mvuto zaidi bila kuifumua injini huishia kwenye vitu vitatu: bomba la moshi, kichujio cha hewa na kabureta. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kazi hii hufanyiwa nyumbani, kwa spana chache, bisibisi na beseni, na ikifanywa sawasawa ni ufundi mzuri kuliko sifa zake, kwa sababu wengi huutambua kwa kelele tu.

Nyumbani, kwa Eastlands, ni mahali pa namna nyingi. Nyumba za Buruburu zilizojengwa miaka ya 1970 zilikuwa na ua wenye ukuta, na pale ambapo ua haujamezwa na vyumba vya kupangisha, pikipiki hulala humo na kutengenezewa humo. Dandora ilianza miaka hiyohiyo kama mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Leo ploti nyingi zimepanda kuwa ghorofa, na fundi hujikunyata kwenye koridoo ya chini akiwapisha wenye mitungi ya maji. Msaada hauko mbali. Kariobangi Light Industries wapo wa kuchomelea na kukereza vyuma, Gikomba na Kamukunji kuna mabomba na mabati ya kila kipimo, na Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, ina spea.

Pikipiki zenyewe zilimiminika baada ya mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani zile zisizozidi cc 250. Nyingi ni Boxer za Bajaj, TVS, na za Kichina ambazo injini zake zimeigwa kutoka kwa Honda CG125 ya miaka ya 1970: silinda moja, vali mbili, kabureta moja, kupozwa kwa upepo. Ni mashine zilizoundwa kubeba, si kukimbia, na hazifichi kitu. Mtu mwenye subira anaweza kuielewa injini nzima kwa kuifungua na kuifunga.

Kabla ya kugusa nati yoyote, kuna jambo ambalo fundi wa Nairobi hana budi kulipigia hesabu ingawa halishikiki kwa mkono. Eastlands iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja kati ya saba, na injini hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Lakini kabureta haijui iko wapi. Huendelea kumwaga petroli karibu kama ilivyozoea, na kwa kuwa petroli haipungui kwa kiwango kilekile kinachopungua hewa, mchanganyiko unazidiwa na mafuta. Boxer ni ya kampuni ya Pune, mji ulio mita 560 hivi juu ya bahari; nyingi za Kichina hutoka Chongqing, ambako ni chini zaidi. Pikipiki iliyowekwa sawa huko, ikifika mtaa wa Umoja huwa tayari inakunywa kuliko inavyohitaji.

Hapo ndipo maelekezo ya kukariri yanapopotosha. Vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za tambarare husema: ukifungua bomba na kichujio, panda jeti saizi mbili au tatu. Ni kweli kwamba njia ikifunguliwa hewa huongezeka na mchanganyiko hukosa mafuta. Lakini Nairobi mwinuko umekwisha kuuzidishia mafuta, na mambo hayo mawili huvutana. Mara nyingi jeti ileile ya kiwandani, baada ya bomba na kichujio kufunguliwa kidogo, ndiyo inayokaa vizuri, au inahitaji kupandishwa saizi moja tu. Anayepanda tatu kwa kufuata kitabu hupata moshi mweusi, plagi yenye masizi na tanki linaloisha kabla ya jioni. Mwanabodaboda anayehesabu faida yake kwa lita huliona kosa hilo haraka kuliko mpenda mbio.

Uboreshaji hufanywa juu ya injini nzima, si juu ya injini mbovu. Nafasi ya vali hupimwa kwa vibamba vya kupimia injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha mtengenezaji, ambacho ni sehemu chache za mia za milimita. Plagi huwa mpya au safi. Mpira unaounganisha kabureta na silinda hukaguliwa usiwe na ufa, maana hewa ya wizi inayoingilia hapo humfanya fundi azungushe skrubu siku nzima bila mafanikio: sileni, mzunguko wa injini mkono ukiwa umeachia mafuta, hupanda na kushuka yenyewe, na kila marekebisho hudumu dakika tano. Breki na matairi pia yaangaliwe. Mtu anayeiongezea mbio pikipiki yenye breki za kubahatisha hajaanza ufundi bado.

Bomba la moshi ndilo linaloeleweka vibaya kuliko vyote. Dhana ya mtaani ni kwamba bomba likiwa pana na silensa ikiwa tupu, injini hupumua. Kwa hiyo watu hutoboa silensa kwa drili, au huyang'oa matumbo yake, na mlio unapokuwa mkali huhisi nguvu imeongezeka. Sikio hudanganya. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la msukumo hukimbia ndani ya bomba, na likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa mvuto. Mvuto huo ukiwahi mlangoni wakati vali zote mbili ziko wazi kwa kitambo kile kifupi, huvuta mabaki ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Ukichelewa au ukiwahi mno, haufaidi kitu. Kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, mzunguko mmoja wa injini huchukua sekunde 0.008; wimbi linalokimbia kiasi cha mita 500 kwa sekunde katika moshi wa moto huenda na kurudi katika bomba la sentimita 70 kwa chini ya sekunde 0.003. Urefu wa bomba, basi, ni saa iliyotengenezwa kwa chuma, na kulikata sentimita kumi ili lipendeze ni kuyaharibu majira yake.

Upana nao una kikomo. Bomba pana kupita kiasi hupunguza kasi ya moshi, na mvuto wa chini hupotea: pikipiki hulia vizuri lakini hushindwa kuondoka na abiria wawili na gunia la viazi. Kwa nduthi ya kazi, faida halisi huwa kwenye vitu visivyo na sifa. Tone la chuma lililobaki ndani ya kiungo kilichochomelewa vibaya husawazishwa kwa tupa. Mdomo wa bomba unaokutana na silinda hulinganishwa na tundu lake ili pasiwe na ngazi. Gaskiti ya shaba iliyopondeka hubadilishwa, kwa sababu hewa inayovujia hapo ndiyo chanzo cha milio ya kupasuka mwendesha pikipiki anapoachia mafuta. Silensa yenye masizi ya miaka husafishwa. Ikilazimu kubadilisha bomba, mafundi wa Kariobangi hulikunja na kulichomelea kwa kufuata kiolezo cha waya, nalo huondolewa kwenye pikipiki kwanza. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye fremu unaweza kuiua sidiai, kisanduku kinachowasha plagi.

Kichujio cha hewa ni habari fupi lakini chungu. Barabara nyingi za ndani za Kayole, Dandora na Njiru ni vumbi nusu ya mwaka na matope nusu nyingine. Kung'oa kichujio ili injini ivute huru hutoa msisimko wa wiki kadhaa, kisha vumbi hukwaruza silinda, ringi huisha, na moshi wa bluu hutangaza kwamba oili inaungua. Kichujio cha koni kinachouzwa kwa rangi za kuvutia nacho hukaa wazi karibu na joto la injini, na huvuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi zaidi, pale ambapo mwinuko umekwisha kuipunguza. Sanduku la kiwandani si ubahili wa mtengenezaji: huituliza hewa kabla haijafika kwenye kabureta, na kabureta zile zenye raba nyembamba juu, ambazo slaidi zake, vizibo vinavyopanda na kushuka kooni, huinuliwa na mvuto, huchanganyikiwa likiondolewa. Sponji safi iliyopakwa oili kidogo na kukamuliwa, ndani ya sanduku lisilo na ufa, hushinda koni nyingi. Anayetaka zaidi hupanua mlango wa sanduku hilo kidogo kidogo, akijaribu kila hatua.

Kabureta ndiyo moyo wa insha hii. Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya kunyunyiza Ujerumani mwaka 1893, na wazo limebaki lilelile: hewa inapopita kwenye koo jembamba huongeza kasi, kanieneo yake hushuka, na petroli huvutwa juu kutoka kwenye bakuli. Ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani mna mifumo kadhaa inayopokezana. Jeti ndogo hulisha injini ikiwa kwenye sileni na mwanzo wa kuvuta. Mkato wa slaidi hutawala kidogo baada ya hapo. Sindano, iliyochongoka na kuning'inia kwenye klipu, hutawala sehemu kubwa ya katikati, ambako bodaboda huishi siku nzima. Jeti kuu husikika tu mkono ukikaribia kufungua mafuta yote. Asiyejua mpangilio huu hubadilisha jeti kuu ili atibu ugonjwa wa robo mkono, kisha hulaumu spea.

Kazi hufanywa hatua moja kwa wakati. Petroli hufungwa, bakuli humwagwa, na kila tundu husafishwa kwa hewa na si kwa sindano ya cherehani, kwa sababu mkwaruzo usioonekana hubadilisha kipimo. Jeti za kampuni ya Keihin hupimwa kwa kipenyo, kwa hivyo 100 ni milimita moja kamili; za Mikuni za kichwa cha pembe sita hupimwa kwa wingi wa mafuta yanayopita, na anayechanganya namba za hizo mbili hupotea. Klipu ikihamishiwa mfereji wa chini, sindano hupanda na mafuta huongezeka; ikihamishiwa wa juu, hupungua. Skrubu ya pembeni ina mtego wake. Ikiwa upande wa kichujio hudhibiti hewa, na kuifungua hupunguza utajiri wa mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini hudhibiti mafuta, na kuifungua huuongeza. Fundi stadi huifunga taratibu mpaka igote, akihesabu mizunguko, huandika hesabu hiyo, kisha huanzia hapo. Injini ikiwa ya moto, huizungusha robo kwa robo akitafuta pale inapozunguka kwa kasi na utulivu, halafu huishusha sileni. Raha ya kazi hii imo katika dakika hizo, sikio likisikiliza tofauti ambayo hakuna mita inayoionyesha, mkono ukisita kati ya robo na nusu ya robo.

Kuna sharti moja ambalo koridoo za ploti hulifanya zito. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufikia moto wa jiko la jirani bila kuonekana. Kabureta hufunguliwa nje, mbali na jiko la makaa na la gesi.

Baada ya kufunga, plagi husomwa. Pikipiki huendeshwa kwenye mpando kwa gia ya juu kidogo, mafuta yakiwa yamefunguliwa kwa kiwango kinachochunguzwa, kisha injini huzimwa ghafla klachi ikiwa imebanwa na plagi kutolewa. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi. Weupe wenye chembe zinazong'aa ni joto la hatari na uhaba wa mafuta, hali inayoweza kutoboa pistoni. Wazee wa kazi hutafuta kahawia iliyokolea, lakini rangi hiyo ilikuwa ya petroli yenye risasi, ambayo Kenya iliiacha kufikia 2006. Siku hizi rangi nzuri ni hafifu zaidi, na inayosema kweli ni duara lililo ndani kabisa, shingoni mwa kauri, si ncha. Plagi ikiwa sawa lakini pikipiki bado nzito mpandoni, pengine dawa ni sproketi yenye meno mengi zaidi nyuma. Kwa mwenye mizigo, badiliko hilo la bei nafuu hutoa mvuto ambao bomba la bei ghali halitoi.

Kelele nayo ina sheria. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahusu mitaa ya makazi pia, na polisi wa trafiki hawana kazi ngumu ya kumtambua mwenye silensa iliyotobolewa. Zaidi ya polisi kuna ploti yenyewe, vyumba kumi na viwili vikitazamana, mtoto mchanga kwenye kimoja na mlinzi wa usiku aliyelala mchana kwenye kingine. Pikipiki iliyowekwa vizuri huvuta kwa sauti nzito ya chini, na haimwamshi mtu.

Baada ya wiki, nati za bomba hukazwa tena kwa kuwa joto huzilegeza, na klipu za mpira wa kabureta hukaguliwa. Namba za jeti, mfereji wa klipu na mizunguko ya skrubu huandikwa kwa wino usiofutika chini ya siti. Jeti za zamani hazitupwi. Hufungwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na spana, kwa sababu pikipiki ikiuzwa Mombasa au ikipelekwa Garissa, hewa nzito ya huko itadai mafuta zaidi, na mnunuzi ataanza kazi yake kwa kusoma maandishi hayo.